Wakuu mlioko Japani, mtu "piripiri" ni mtu gani? Naomba msaada wa maneno yao ya hasira

Mgeni_Saitama:

Wakuu habari za muda huu. Naenda moja kwa moja maana hili jambo limenikaa rohoni wiki nzima.

Niko Japani mwezi wa nane sasa, mchana nasoma shule ya lugha na jioni nafanya kibarua jikoni kwenye izakaya (baa yao ya vinywaji na vyakula) moja hapa Saitama (wanafunzi tunaruhusiwa masaa 28 tu kwa wiki kwa hiyo nakwenda siku chache). Jumamosi iliyopita nimefika navaa aproni, mwenzangu Mjapani akanisogelea akaninong'oneza "kyō tenchō piripiri shiteru kara ki o tsukete". Tenchō ndio meneja. Mimi nikasikia pilipili. Nikaelewa kwamba tenchō leo anashika pilipili niwe makini, nikanawa mikono vizuri nikaendelea na kazi huku naimba.

Saa mbili usiku watu wamejaa, vyombo vimenizidi, tenchō akaja akasimama pembeni yangu akasema kwa sauti ya chini kabisa "mō ii". Sasa darasani nimefundishwa ii ni "nzuri", na mō ni "tayari", nikajua ananiambia hapo tayari pako vizuri. Nikamjibu arigatō gozaimasu na tabasamu juu. Akanitazama kidogo, akazivuta zile sahani akaanza kuziosha mwenyewe. Tulipofunga ndio yule mwenzangu ananiambia kwamba tenchō alikuwa ameshachoka na mimi na ile asante yangu ilionekana kama dharau. Wakuu sikulala. Mimi si mtu wa dharau, mkubwa akiniambia jambo nainamisha kichwa, nimelelewa hivyo.

Shuleni neno la hasira tulilopewa ni moja tu, okoru, basi. Lakini huku kazini nasikia iraira, mukatsuku, kigen naname, kireta, kila siku jipya. Naomba mnieleze haya maneno yanatofautianaje, lipi zito lipi jepesi, na nitamjuaje mtu amekasirika kama hata hapazi sauti?

Dada_wa_Osaka:

Pole sana mdogo wangu. Niko huku mwaka wa kumi na moja na hilo la "mō ii" limeumiza wageni wengi tu, hujakosea peke yako. Ngoja nikueleze taratibu.

Kwanza piripiri. Halina undugu na pilipili yetu, ile ya kwetu ilisafiri kutoka India ikapitia Uajemi na Uarabuni ndio ikatufikia. Piripiri yao ni neno la kuigiza hisia: ngozi inayochonyota, ulimi uliounguzwa na kitu kikali, au ule mshtuko mdogo wa umeme ukigusa waya. Maana zimekutana tu njiani. Sasa mtu akiwa piripiri bado hajakasirika, hapo ndipo pa kushika, yani mishipa yake imekaza na ukimgusa kidogo utachonyotwa. Mwenzako alikuwa anakuonya kabla ya tukio, alikutakia mema kweli.

Wajapani wana maneno ya namna hii mengi mno, wanayaita gitaigo, na sisi tunayo yetu, kama ukisema kimya jii au giza totoro, kwa hiyo masikio yako yatazoea haraka kuliko unavyodhani. Kuna siri moja ambayo mimi sikufundishwa na mwalimu yeyote niliigundua kwa kusikiliza. Neno likijirudia, kama iraira, piripiri, mukamuka, ni hali inayoendelea, imekaa na mtu asubuhi hadi jioni. Neno likiwa fupi limekatwa, kama katto, mutto, kachin, ni kitu cha dakika ile ile. Katto natta ni hasira zimempanda ghafla mpaka uso umepata moto. Mutto shita ni amekunja uso papo hapo ila amenyamaza. Kachin to kita ni umesema neno likamgonga kama jiwe kwa jiwe, na mara nyingi ni neno dogo tu ambalo wewe hata hukulitia maanani. Ukishika hilo utaweza kukisia hata neno ambalo hujawahi kulisikia.

Iraira ndilo utakalosikia kila siku. Ira kwa Kijapani cha zamani ni mwiba, na mpaka leo yale majani yanayowasha ukiyagusa wanayaita irakusa. Kwa hiyo iraira ni miiba midogo midogo inakuchoma ndani huku nje umekaa kimya: treni imechelewa, kompyuta nzito, mtu anatikisa mguu mezani. Ni neno salama kulisema juu yako mwenyewe kwa rafiki, "chotto iraira shite iru", nimekereka kidogo. Kumwambia mkubwa wako "una iraira wewe" usijaribu.

Mushakusha ni pale umevurugika mpaka huelewi nini hasa kimekuudhi, unatamani kutupa kitu. Kankan ni kali sana, ni neno hilo hilo wanalotumia kwa jua la mchana na mkaa uliokolea, mtu kankan anawaka. Punpun ni ya kitoto, mtu amenuna amefura mashavu, ukilitumia kwa mtu mzima aliyekasirika kweli atakuona unamfanyia mchezo.

Na hiyo "mō ii" tafsiri yake ni "basi, imetosha". Usisikilize ii peke yake. Ikitoka na sauti ya kushuka, na hasa mtu akiongeza "ore ga yaru", nitafanya mimi, ujue amekata tamaa na wewe kwa siku ile. Hapo unasema sumimasen, samahani, unapisha, unatafuta kazi nyingine ya kushika haraka.

Mzee_Tafsiri:

Dada hapo juu kaeleza vizuri sana. Mimi naongeza upande wa mwili maana nimefanya kazi ya kutafsiri miaka mingi na hapa ndipo ninapopapenda.

Hasira ya Mjapani makao yake ni tumbo, hara. Wanasema hara ga tatsu, ukifasiri juu juu ni "tumbo linasimama" na wanafunzi wengi hushangaa hapo. Lakini tatsu ni neno linalotumika pia kwa mawimbi, moshi, vumbi, upepo, kila kinachoinuka chenyewe. Nami ga tatsu, mawimbi yanainuka. Kwa hiyo sikia hara ga tatsu kama bahari ya ndani imechafuka, na sisi tunasema hasira zimempanda, si mbali. Likizidi wanasema hara ni suekaneru, yani jambo lile limeshindikana kulikalisha tumboni likatulia. Na likivuka kabisa ni harawata ga niekurikaeru, utumbo unachemka mpaka unapinduka, hili utalisikia kwa mtu aliyedhulumiwa kweli kweli, si aliyechelewa basi. Ukisoma barua rasmi au gazeti hara ga tatsu inavaa suti inakuwa rippuku, herufi zile zile zimegeuzwa tu.

Ndani ya hilo tumbo kuna wadudu. Nasema kweli. Zamani waliamini mwilini mwa mtu wanaishi mushi, wadudu, ndio wanaoleta magonjwa na tabia. Kuna kitabu cha tiba ya sindano cha mwaka 1568 kinaitwa Harikikigaki, kimechorwa wadudu 63 kwa rangi, mmoja mmoja na tabia yake na namna ya kumshinda, kiko makumbusho ya taifa ya Kyushu pale Dazaifu mkoa wa Fukuoka. Niliona picha zake nikakaa nazo muda mrefu. Imani imekwenda, maneno yamebaki. Mtu akiamka na kisirani bila sababu wanasema mushi no idokoro ga warui, mdudu amekaa mahali pabaya. Hasira ikigoma kushuka hata baada ya kuombwa radhi ni hara no mushi ga osamaranai, mdudu wa tumboni hajatulia. Mtu ambaye humpendi tu na huna sababu, mushi ga sukanai, mdudu wangu hamtaki. Na mtoto mchanga anayelia usiku na kujinyonganyonga wanasema ana kan no mushi, mpaka leo yapo mahekalu mzazi anampeleka mtoto akaombewe, shughuli yenyewe wanaiita mushi-fūji, kumfungia mdudu.

Mimi naona hilo la mdudu ni neno la huruma. Ukisema fulani leo mdudu wake amekaa vibaya umeshamtetea nusu, kosa si lake lote.

Mdogo wetu, hiyo kigen naname uliyoisikia ni hali ya moyo iliyolala upande. Naname ni mshazari, kama picha iliyoning'inia vibaya ukutani. Mara nyingi wanaongeza heshima mbele, gokigen naname, na ni maneno ya wafanyakazi kumsema bosi kwa upole akiwa hayupo. Kigen yenyewe asili yake ni ya watawa wa Kibudha, ikiandikwa kwa herufi nyingine, ikimaanisha lawama na chuki za watu ambazo mtawa alitakiwa kujiepusha asizichokoze. Baadaye ndio ikawa hali ya moyo ya mtu. Fukigen ni kutokuwa nayo nzuri, kununa.

Na mtu akizira? Heso o mageru, amepinda kitovu! Amegoma, hataki kula, hataki kuongea, mpaka abembelezwe. Suneru nalo ni kususa, hasa kwa watoto na wapenzi.

Mpenzi_wa_Katuni:

Wazee wangu mnampa mambo mazuri ila ya vitabuni, mtaani vijana hawaongei hivo. Mimi Kijapani changu nimejifunza kwa kuangalia anime miaka sita bila mwalimu na naelewa kila kitu. Mgeni, jifunze mukatsuku, uzai au uzee, fuzakeru na (acha upuuzi), urusee, na ukitaka mtu ajue hutaniwi unamwita temee au kisama, yani "wewe" ya ukali. Wajapani wanaheshimu mtu anayejiamini. Huyo tenchō akikuletea tena ukali unamwambia wazi mukatsuku, naye atajua una hisia.

Dada_wa_Osaka:

Mdogo wangu Mpenzi wa Katuni nakuomba kwa upendo kabisa usimpe mwenzako hayo, atapoteza kazi siku hiyo hiyo. Kujua si vibaya, ajue kabisa, ila kujua kwa masikio na kutumia kwa mdomo ni vitu viwili tofauti.

Mukatsuku kwanza. Mwanzo wake ni tumbo kuchafuka, kichefuchefu, na mpaka leo ukienda duka la dawa ukisema i ga mukatsuku wanakupa dawa ya tumbo. Halafu ikawa hasira, sawasawa na sisi tunavyosema fulani ananichefua. Sasa jiulize, mkubwa wako kazini unaweza kumwambia usoni unanichefua? Hilo ni neno la kumwambia rafiki yako kwenye treni mkirudi nyumbani.

Uzai ni kifupi cha uzattai, neno la watu wa Tama magharibi mwa Tokyo, vijana wakalifupisha likaenea nchi nzima. Maana yake "unanisumbua, sikutaki karibu". Mtoto wa shule anamwambia mama yake uzai na mama anaumia kweli. Na hiyo uzee, urusee, sugee, ujue ni mtindo mmoja, ai au oi ya mwishoni inavutwa inakuwa ee, ni lugha ya ukali na ya kiume. Mgeni ukisikia jikoni sentensi zimeanza kuishia na ee ee hata kama huelewi neno, joto limepanda.

Urusai yenyewe neno tamu sana. Wengi tunalijua kama "nyamaza" lakini maana yake ya kwanza ni kelele, usumbufu. Wana namna ya kuliandika kwa herufi za "nzi wa mwezi wa tano", 五月蝿い, mwezi wa tano wa kalenda ya zamani ambao ni kama Juni sasa, mvua na joto na nzi wanakuzunguka kichwani. Mimi hilo nililisoma nikalipenda palepale. Alafu usishtuke ukisikia "tenchō wa aji ni urusai", hapo hawamtukani, wanasema ni mtu makini kwenye ladha, haridhiki kirahisi. Ni sifa hiyo.

Temee na kisama sasa. Kisama zamani ilikuwa heshima, herufi zake ni "mtukufu", watu wa tabaka la samurai waliandikiana kwenye barua. Omae, "wewe" nyingine, nayo ilikuwa ya heshima. Zote zimeshuka thamani kwa karne, leo kisama ni tusi na kwenye maisha ya kawaida karibu hutamsikia mtu analisema, liko kwenye katuni na sinema. Miaka kumi na moja sijawahi kulisikia likisemwa na mtu halisi mbele yangu, hata mara moja.

Mgeni_Saitama:

Asanteni sana kwa kweli, nimechukua daftari nimeandika yote. Dada hilo la neno linalojirudia na neno lililokatwa limenifungua macho, jana nimesikiliza wenzangu wakiongea na nimekamata maneno matatu.

Naomba kuuliza tena mawili. Moja, tenchō huwa ananiuliza "nankai ittara wakaru no?", naelewa ni "nikuambie mara ngapi ndio uelewe", hapo najibu nini? Na pia "dōshite okureta no", kwa nini umechelewa, nikianza kumweleza anazidi kukunja uso. Pili, wenzangu wanasema okorareta, okorareta, hiyo ndio nini, na mtu akikireta ndio kafika wapi?

Mlezi_Nagoya:

Habari wote. Mimi nafanya kazi ya kulea wazee kwenye kituo, Nagoya, mwaka wa tano, na kazi yetu ni kusoma nyuso kuliko kusikia maneno, naomba nimjibu ndugu Mgeni.

Nankai ittara wakaru no haihitaji jibu. Ni kama kwetu tu, mama akikuuliza nikuambie mara ngapi, utamjibu mara nne? Jibu ni "mōshiwake arimasen, ki o tsukemasu", naomba radhi nitakuwa makini, basi. Na hiyo dōshite usidanganyike nayo, inaonekana ni swali na wakati mwingine ni swali kweli, ila anayeuliza akiwa na hasira kila sababu utakayotoa anaisikia kama iiwake, kujitetea. Maneno mawili yanayowasha moto ni "demo" na "datte", lakini na kwa sababu. Anza na radhi kwanza, mtazame, akitulia akiuliza tena ndipo umweleze fupi treni ilisimama. Nilichukua mwaka mzima kulielewa hilo na nililia sana katikati hapo kwa sababu nilidhani wanakataa kunisikiliza, kumbe mpangilio tu ndio tofauti, radhi inatangulia sababu inafuata.

Okorareta ni "nimegombezwa". Okoru ni kukasirika na pia kumfokea mtu, kwa hiyo sensei ni okorareta ni mwalimu kanigombeza. Kuna neno lingine shikaru, kukaripia kwa kumfundisha. Wajapani wenyewe wanazitofautisha sana hasa kwenye kulea watoto na kufundisha wafanyakazi, kwamba okoru unatoa hasira zako, shikaru unamjenga mwenzio. Mwenye kukaripiwa ndio anajua ipi ni ipi.

Kireta ni "kimekatika". Wengi wanalieleza kutokana na msemo kannin-bukuro no o ga kireru, kamba ya mfuko wa subira imekatika. Kila mtu kabeba mfuko wake, anatia humo kila anachovumilia, umefungwa kamba, siku kamba ikikatika kila kitu kinamwagika kwa pamoja. Ndio maana mtu mpole kabisa anaweza kulipuka kwa kitu kidogo kama kijiko, hakukasirikia kijiko, ni miezi sita ya vitu vyote. Gyakugire ni lile la mkosaji kuwa mkali kuliko aliyekosewa, umemwambia mtu asivute sigara hapa anakufokea wewe. Yatsuatari ni kumalizia hasira kwa asiyehusika, yatsu ni nane, kama mtu anayepiga pande zote nane. Wazee wangu wengine wakiwa na maumivu ya viungo wananifanyia yatsuatari, nimeshazoea, nawashika mkono.

Sasa lile swali lako la kwanza, utamjuaje mtu kakasirika bila kupaza sauti, naona halijajibiwa vya kutosha na ndilo kubwa. Dalili ya kwanza mimi ni adabu kuongezeka. Mtu aliyezoea kukwambia kirafiki "kore yatte", fanya hii, leo anakwambia "kore, onegai dekimasu ka" kwa lugha ya heshima, jua amesogea mbali na wewe. Mgeni anafurahi anadhani kapewa heshima, kumbe ukuta umejengwa. Dalili ya pili ni pumzi, anavuta anaishusha polepole. Ya tatu ni ulimi, shitauchi, ile "chi!" ndogo, ni kama kusonya kwetu na uzito wake ni ule ule, ukisonywa huku umesonywa. Halafu majibu mafupi. Unamuuliza kuna tatizo anasema "betsu ni", hamna kitu. Kuna kitu. Na usimuulize mara tatu "okotte imasu ka", umekasirika? Atakwambia hapana na ndio unamkasirisha zaidi.

Siku hizi wenyewe wamechoka na kununiana huku kazini mpaka wameunda neno, fukihara, yani kuwatesa wenzako kwa kununa, fukigen yako inakuwa mzigo wa ofisi nzima. Limefuata mtindo wa pawahara, unyanyasaji wa mwenye cheo. Na hapa Mgeni nakwambia kama dada yako: kuna kugombezwa na kuna kunyanyaswa. Sheria ya kuwataka waajiri wazuie pawahara ilianza Juni 2020 kwa kampuni kubwa na Aprili 2022 ikafika kwa ndogo pia, kwa hiyo hata hapo kazini kwenu inawahusu. Tenchō kukwambia mō ii si pawahara. Akianza kukutukana mbele za watu kila siku au kukurushia vitu, hapo usiinamishe kichwa, omba ushauri shuleni kwenu na ofisi za kazi zipo zinapokea malalamiko.

Mpenzi_wa_Katuni:

Nimesoma yote na naomba radhi kwa Mgeni, nilikuwa naongea kwa ushabiki. Mimi sijawahi kufika Japani, hilo nililipaswa kulisema mwanzo.

Naomba niongeze kile ninachokijua kweli. Ile alama 💢 watu wanaiweka kwenye meseji bila kujua ni nini, ni mshipa wa hasira uliotokeza kwenye paji la uso, wachoraji wa manga, vitabu vya katuni vya Kijapani, ndio walioifanya alama. Lugha yenyewe ina msemo aosuji o tateru, kuinua mishipa ya bluu. Na 2013 hivi wasichana wa shule waliunda ngazi za hasira zikaenea sana mtandaoni, unaanza na oko, nimekasirika, halafu maji oko, nimekasirika kweli, halafu geki oko punpun maru, na zinaendelea kupanda. Hiyo maru mwishoni ni kama majina ya meli na majina ya wavulana wa zamani, wanaipa hasira jina kama mtoto. Ni ya utani, mtu akikuandikia hivyo bado anakupenda.

Mzee_Tafsiri:

Umeongeza jambo zuri kijana, asante.

Nami nimekumbuka moja sikutaka lipite. Sisi tuna "hasira hasara", methali nzima maneno mawili, inasimama kwa sababu yanakaribiana sauti. Wajapani wanayo tanki wa sonki. Tanki ni hasira za karibu, "ki fupi", ki ikiwa ni moyo. Son ni hasara. Sonki peke yake si neno la kawaida, limeundwa lifanane sauti na tanki ili methali ikae mdomoni. Nilipoliona mara ya kwanza nilisimama kufanya kazi nikatoka nje kutembea, maana mabara mawili yasiyojuana yamefika pale pale, na kwa njia ile ile ya kuchezesha sauti. Kila mteja akinipa maandishi yenye tanki wa sonki naandika hasira hasara na sijawahi kurekebishwa.

Wana nyingine ya uvumilivu, hotoke no kao mo sando, hata uso wa Buddha mara tatu. Mpole wa wapole, ukimpapasa uso mara ya tatu atakasirika.

Mgeni_Saitama:

Wakuu narudi na mrejesho.

Jana nilifika dakika ishirini kabla, tenchō yuko peke yake anapanga glasi. Nikamwambia kama nilivyojipanga, kwanza radhi: kono mae wa mōshiwake arimasen deshita. Nikanyamaza kama Mlezi alivyosema. Akauliza nan no koto, kuhusu nini. Ndipo nikamweleza kwamba mō ii sikuielewa, nilidhani ananisifia, ndio maana nikasema asante. Akaweka glasi chini akasema "ā, sō datta no ka", kumbe ndio ilikuwa hivyo. Akarudia tena mara ya pili taratibu kama anajisemea.

Hakusema kingine. Ila usiku vyombo viliponizidi tena alikuja pembeni yangu, akafungua mdomo, akasita, akasema "kawatte", tubadilishane. Nikampisha sinki nikashika kufuta meza.